Kidole Kwenye Spika

4 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Zile salamu ndefu za "mimi mzima sijui wewe" leo naziruka, kwa sababu ni kweli kabisa, sijui wewe. Wiki nzima nimepiga simu ya karakana. Mara nyingi inaita mpaka inachoka yenyewe. Juzi ukapokea. Nilikusikia unapumua, Baba, pumzi yako naijua hata usingizini, nikaita "Baba, Baba, ni mimi", na wewe ukaweka simu chini.

Nimekukosea nini? Kama kuna neno lilinitoka siku ile uliponikabidhi gari, niambie niombe radhi yaishe. Tangu mama atutoke mimi sina mzazi mwingine, na wewe huna mtoto mwingine. Sisi wawili tukinuniana, ukoo mzima umenuniana. Nataka kujua kama bado nina baba, basi, sihitaji kingine.

Naandika barua kwa sababu karatasi haina pa kuikatia.

Habari ya pili ni msiba mdogo. Amplifaya yako ya redio ya gari imekufa. Nilikuwa njiani na maboksi ya nyuzi na vifungo, tairi likaingia kwenye shimo, taa nyekundu ikawaka, fyuzi ikasema "tak", na wimbo ukakatika katikati ya ubeti. Kazi yangu unaijua. Nashuka kwa fundi cherehani, nahesabu vifungo, anasaini, naondoka, mji mwingine, fundi cherehani mwingine. Wa kuniongelesha toka asubuhi hadi jioni alikuwa yule anayeimba kwenye kanda. Sasa gari limekuwa kimya hivi kwamba nasikia vifungo vikigongana ndani ya maboksi, na nimeshaanza kuvijibu.

Fundi wa mtaani kwangu aliiangalia bila hata kuifungua akasema tupa, nunua mpya. Siitupi. Uliifunga kwa mikono yako chini ya kiti cha abiria, na mimi ndiye niliyekushikia tochi. Nataka kuitengeneza mwenyewe. Nifundishe.

Mwanao,
Kidole


15 Februari

Kidole,

Marahaba. Hujanikosea kitu, ondoa hilo kichwani. Laini ya simu ni mbovu. Watu wamechimba barabara wakaacha nyaya nje kama utumbo. Usipige tena, unachoma hela bure. Andika. Barua ina adabu, inakusubiri mpaka uwe tayari kuisoma.

Nimecheka peke yangu karakana nzima niliposoma unataka kuitengeneza mwenyewe. Wewe! Ulipokuwa hata meza yangu huifikii, ukiona spika tu unaitia kidole katikati mpaka inabonyea. Wateja walikuwa wanachukua redio zao zimepona sauti, lakini spika ina shimo kama imeugua ndui. Ndiyo maana nikakuita Kidole, na makofi ya mkono ulikula pia, huku nakwambia spika inasikilizwa kwa sikio, si kwa kidole. Haya. Leo nakiomba radhi kidole, kina kazi.

Kwanza ng'oa waya wa betri. Usianze na kitu kingine chochote, mwenye pupa hadiriki kula tamu. Kisha itoe amplifaya uiweke mezani. Ndani utakuta yale makopo yanaitwa makapasita, hayo yanashika umeme kama mke mwenza anavyoshika kinyongo, hata baada ya kuzima. Yagusishe na nyaya za balbu ndogo. Balbu itawaka kidogo halafu itafifia. Hapo yameshasamehe.

Sasa tazama. Usikimbilie kupima. Palipoungua ubao huwa wa kahawia. Nusa pia, transista iliyokufa ina harufu kali inayokwenda moja kwa moja nyuma ya koo. Halafu pitisha kidole taratibu juu ya migongo ya transista, zile nyeusi zilizopangwa ukutani kama wanafunzi waliochelewa. Yenye ufa utaihisi kabla hujaiona. Ukishaihisi, ipime kwa mita. Mita yako kama ni ile inayolia usiutegemee mlio wake, tazama mshale.

Niandikie ulichoona.

Mimi sijambo. Siku hizi napokea pasi na majiko ya umeme zaidi. Redio zina ubishi mwingi, mteja anasema inakwaruza, wewe unasema haikwaruzi. Pasi ikipona inapata moto, mteja analipa, anaondoka.

Baba yako


26 Februari

Baba,

Shikamoo. Nimeifungua! Nilikuwa kwenye nyumba ya wageni, chumba namba saba, meza yake ina mguu mmoja mfupi kwa hiyo nikaweka Biblia ya chumba chini yake, Mungu anisamehe. Nikatandaza taulo, nikapanga skrubu kwenye kifuniko cha sabuni kama ulivyokuwa ukifanya. Makapasita yakasamehe vizuri, balbu ikawaka ikafa.

Harufu niliijua mara moja. Ni ile iliyokuwa kwenye shati lako ukirudi jioni. Nilikaa na kile chuma usoni kwa muda mrefu kuliko fundi anavyohitaji, na nilipotazama pembeni nikajiona kwenye kioo cha kabati, mwanamke mzima ananusa amplifaya. Nikacheka, halafu hapakuwa na mtu wa kumwambia.

Ufa upo. Transista ziko nne ukuta wa kushoto, ya pili imepasuka mgongoni. Kidole kiliipata kabla ya jicho, kama ulivyosema. Mshale wa mita unaruka njia zote mbili, kwa hiyo imekufa kweli. Nyingine tatu zinaonekana nzima.

Sasa jambo jingine. Niliuliza posta kuhusu simu. Wamepiga mji wenu mbele yangu, namba tatu tofauti, zote zimepokelewa. Wanasema laini ni nzima. Nakuambia tu.

Na bosi ana maneno ya tawi jipya. Ni mbali mno, kutoka kwako itakuwa safari ya siku mbili. Alituita wote akasema anataka mtu asiye na familia, asiye na wa kumuaga. Chumba kizima kikanigeukia, hata yule mlinzi. Anataka jibu kabla ya mwezi wa nne kwisha. Wewe unasemaje?

Mwanao,
Kidole


8 Machi

Kidole,

Marahaba. Umefanya kazi safi. Kuna mafundi wana karakana na mabango hawajui kunusa.

Ndani ya kifurushi hiki kuna kiberiti, na ndani ya kiberiti kuna transista nne. Badilisha zote nne, si ile moja. Zile tatu unazosema ni nzima zilibeba mzigo wa mwenzao tangu siku ya shimo. Ukimwacha mmoja mgeni kati ya watatu waliochoka, watakufa wote kwa pamoja na utarudi mwanzo.

Kulehemu nilikufundisha ukiwa darasa la tano, mkono haujasahau. Chuma kiwe cha moto, kigusishe kwenye mguu wa transista kwanza, risasi, ule waya laini wa kulehemu, ifuate. Risasi ikikaa juu kama tone la uji imekataa. Ikilala chini na kung'aa imekubali.

Usiiwashe kwa pupa. Chukua balbu ya taa kubwa ya gari, iunge katikati ya waya unaotoka betri kwenda kwenye amplifaya. Washa. Balbu ikiwaka kidogo halafu ikafifia, mgonjwa anapumua. Ikiwaka na kubaki inawaka kali, zima haraka, kuna kosa. Hii balbu ni rafiki mkweli, haitakudanganya kama watu.

Ikififia, unga spika, weka kanda, halafu weka ncha ya kidole katikati ya spika. Usibonyeze! Gusa kama unavyogusa kichwa cha mtoto aliyelala. Ukihisi inatetemeka chini ya kidole, imefufuka.

Kuhusu tawi, kazi ni kazi. Wewe bado una nguvu na barabara za huko watu wanazisifu. Mzee wa pasi na majiko asikushikie breki.

Kinyozi jirani yangu anakusalimu. Ameninyoa leo, kanikata sikio kidogo, nimemwambia hakuna hasara.

Baba yako


20 Machi

Baba,

Shikamoo, na unicheke kabisa umalize, kisha uendelee kusoma.

Kwenye kiberiti chako kulikuwa na vile vikaratasi vyembamba, vinang'aa kama ganda la kitunguu. Nikadhani umefungia tu mzigo usigongane. Nikavitupa. Nikalehemu transista zangu vizuri, risasi ikalala na kung'aa, nikazifunga kwenye ukuta wa alumini nikajisifu kwa sauti. Nikawasha. Balbu ikawaka kali kama taa ya uwanja wa mpira. Nikazima.

Nilikaa sakafuni, nikaamini nimeimaliza kabisa. Ndipo macho yakaangukia zile transista za zamani nilizong'oa, na upande wa kila moja uliokuwa umeelekea ukutani kulikuwa kumebakia alama ya kikaratasi. Kumbe ndicho kinachozuia transista isigusane na alumini! Nilikimbia kwenye pipa la mama mwenye nyumba, nikapekua maganda na majani ya chai, yeye amesimama dirishani anatazama mpangaji wake amechanganyikiwa. Nilivipata vinne vyote. Nikaviosha, nikavikausha, nikavirudisha mahali pake.

Safari hii balbu ikawaka, ikafifia, ikalala. Nikaweka kidole kwenye spika. Baba! Ilitetemeka kabla hata sijasikia wimbo. Nililia na kuimba kwa pamoja, na sauti yangu unaijua, kunguru wana nafuu.

Lakini kuna mluzi. Injini ikizimwa, muziki ni safi. Nikiwasha injini mluzi mwembamba unaingia, nikikanyaga mafuta unapanda juu, nikiachia unashuka. Nimeurekodi kwa redio kaseti ya mama mwenye nyumba, nimeishikilia mbele ya spika huku nakanyaga mafuta. Kanda hiyo nimeiweka humu. Isikilize uniambie. Isikilize mpaka mwisho kabisa, Baba, usiishie katikati kama kawaida yako. Naomba sana.

Mwanao,
Kidole


30 Machi

Kidole,

Marahaba. Nimecheka habari ya pipa mpaka nikaacha pasi ya mtu ikaunguza kitambaa. Kosa langu, nilisahau kwamba wa mbali huelezwa hata yaliyo wazi.

Kanda imefika salama. Nimeisikiliza yote mpaka mwisho, kama ulivyotaka.

Tatizo ni waya wa ethi, ule mweusi unaofungwa kwenye bodi ya gari. Nilipoufunga mimi ulikuwa umekaa kwenye chuma kitupu, lakini naona baada ya miaka kutu imeingia. Fungua ile skrubu chini ya kiti. Kwangua rangi na kutu mpaka uone chuma kinang'aa. Rudisha waya, kaza kwa nguvu zako zote. Na ule waya wa sauti usiupitishe pamoja na waya mnene wa betri, kila mmoja upite upande wake.

Hapo hakuna jingine la kuongeza. Kaza hapo, na uendelee na safari zako.

Baba yako


9 Aprili

Baba,

Shikamoo.

Nimekwangua na kukaza. Mluzi umeisha. Ulikuwa sahihi.

Na lile jingine, jibu lako nimelipata na nimelielewa. Niliahidi sitauliza tena na sitauliza. Nimesaini karatasi za tawi jipya. Mwisho wa mwezi naondoka. Anwani ya huko bado sijapewa, kwa hiyo usisumbuke kuandika.

Asante kwa transista.

Mwanao


17 Aprili

Kidole mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Jibu gani? Jingine lipi? Sikukujibu kitu kwa sababu sikuulizwa kitu. Ndivyo nilivyoamini mpaka jana.

Jana niliichukua ile kanda nikaenda nayo kwa kinyozi. Nikaitia kwenye redio yake nikamwambia, jirani, sikiliza hii kwa niaba yangu, uniandikie kila neno. Aliwatoa wateja nje, mmoja kichwa nusu. Mwanzoni alitabasamu, akaniigizia mluzi kwa midomo, juu, chini. Halafu akaacha kutabasamu. Akachukua kalamu akaanza kuandika nyuma ya karatasi ya kalenda, anasimamisha kanda, anairudisha, anaandika. Alipomaliza hakunipa mkononi. Aliiweka kwenye kiti cha kunyolea akatoka nje kusimama na wateja wake.

Ninayo hapa mbele yangu. Umesema hivi:

"Baba, mluzi ndio huo. Sasa naongea mimi, kwa sababu kuandika nimeshindwa, nimechana karatasi nyingi. Nimechoka kulala kwenye vyumba vyenye namba. Nimechoka kula nimeangalia ukuta. Nikija kukaa na wewe, utanipokea? Nitafunga meza pembeni ya meza yako, nitatengeneza hizo pasi. Sema njoo tu, neno moja, nitakuja. Usiposema nitaelewa, na sitauliza tena."

Na mimi nikakujibu kaza ethi uendelee na safari zako.

Mwanangu, sisikii. Sisemi kwamba sisikii vizuri, wala kwamba watu wa siku hizi wanaongea chini chini. Sisikii kabisa. Sikio la kushoto lilianza kuniaga mama yako akiwa hai, na yeye alilijua, ndiye alikuwa ananikanyaga mguu chini ya meza wageni wakiniuliza kitu. La kulia lililifuata mwenzake baadaye. Daktari alisema ni kazi yangu, miaka yote nimeingiza kichwa ndani ya maboksi ya spika nikijaribu amplifaya za watu kwa sauti ya mwisho. Aliniandikia dawa za kupoza maumivu tu. Sikio la kufa halisikii dawa.

Gari sikukupa kwa sababu macho yamechoka, kama nilivyosema siku ile. Lori lilinipigia honi nyuma yangu, na nilikuja kujua kwamba lipo baada ya kuuona ubavu wake ukipita karibu na kioo. Siku iliyofuata nikakukabidhi ufunguo. Wewe ukadhani nakufukuza nyumbani kwa upole. Niliona usoni mwako unavyodhani hivyo, nikakuacha uondoke nalo.

Na ile simu. Mkono wangu ulikuwa juu ya meza, nikahisi meza inatetemeka. Nilijua ni wewe, nani mwingine wa kunipigia? Nikapokea, nikaibana kwenye sikio la kulia kwa nguvu, nikasema labda leo kidogo kitapenya. Nilisubiri na kusubiri. Nikaweka chini, kwa sababu ningefanya nini?

Kwa nini nilikuficha? Kwa aibu. Watu husema kinyozi hajinyoi, nao hucheka kidogo, wanakwenda zao. Lakini fundi wa sauti aliye kiziwi, hicho ni kichekesho cha mtaa mzima. Na nikaogopa utaacha kazi uje kunilea kwa huruma, na mimi sikutaka huruma yako, nilitaka uje mwenyewe kwa kupenda. Nikawa nataka kitu ambacho nimekifungia mlango. Akili ya namna gani hiyo?

Balbu, kunusa, kidole, mshale wa mita, wewe ulidhani nakufundisha ufundi wa wanaoanza. Ndivyo ninavyofanya kazi mimi siku hizi. Sina njia nyingine.

Na sasa lile linaloniuma kuliko yote, nikuambie lote. Nilipokuandikia kwamba nimeisikiliza kanda, sikutunga uongo mzima. Jibu la mluzi nilikuwa nalo kabla ya kuiona kanda, mluzi unaopanda na injini ni ethi, mtoto wa fundi analijua hilo. Lakini niliitia kanda kwenye redio yangu, nikafungua sauti hadi mwisho, nikaweka kidole katikati ya spika. Mluzi haukufika kidoleni, ni mwembamba mno. Halafu ikaja mitetemo mingine, mizito, inakuja inakatika, inakuja inakatika. Nikasema hapa Kidole ameachia mafuta, injini inataka kuzimika. Nikangoja mpaka ikatulia. Nikazima redio.

Ilikuwa ni sauti yako.

Nilikuwa nimeishika mkononi nikadhani ni injini.

Njoo. Hilo ndilo neno uliloniomba, na ningekuwa na la kuliongezea ukubwa ningelitumia. Meza yako ipo, nimeshaisogeza, nimetoa maiti za televisheni zilizokuwa juu yake. Chumba cha nyuma nimefagia. Kama barua hii itakuta umeshaondoka, usiseme ni posta. Ni mimi.

Ukija, usigonge, hakuna wa kusikia. Mimi na kinyozi tunatumia mita moja ya umeme na swichi kuu iko upande wake. Akinihitaji huzima taa yangu na kuiwasha, mara mbili, nami nageuka kutazama mlangoni.

Baba yako


28 Aprili, mlangoni kwako

Baba,

Shikamoo. Naandika nimepiga goti, karatasi iko juu ya boksi la vifungo, kwa hiyo mwandiko uuvumilie.

Nimegonga. Najua ulisema nisigonge, lakini mkono una mazoea yake, na nimegonga mpaka kinyozi ametoka na povu la mtu viganjani. Ameniangalia, akaniuliza, "Wewe ndiye wa kwenye kanda?" Nikamwomba azime taa yako. Taa itakapozimika ujue ni yeye, umeme haujakatika. Karatasi hii naipitisha chini ya mlango, tazama chini.

Naona mwanga wako kwenye ufa. Naona kivuli cha miguu ya kiti. Uko hatua chache kutoka hapa nilipo na unaungaunga kitu, harufu ya risasi inanifikia.

Barua yako ilinikuta godoro liko juu ya gari na kamba mkononi. Mama mwenye nyumba alinikimbilia nayo. Niliisoma nimeegemea mlango wa gari, na nilipofika pale pa injini nikakaa chini barabarani, watu wakadhani nimegongwa. Nilikuchukia, Baba, tangu ile barua ya ethi mpaka siku hiyo. Nakuambia kwa sababu na wewe umeniambia. Nilikuchukia nikiwa napika, nikiwa naendesha, nikiwa nakaza ile skrubu, niliikaza kwa hasira ndiyo maana mluzi haujarudi.

Kisha nikaenda kwa bosi na karatasi zake. Akauliza nini kimebadilika. Nikamwambia, uliomba mtu asiye na familia. Amenikasirikia, labda kazi imekwisha kabisa, sijui. Tutatengeneza pasi.

Sikuja kwa huruma. Nimekuja kwa sababu nimechoka kujibizana na vifungo.

Gari liko nje, injini inanguruma, na amplifaya yetu inafanya kazi mpaka vioo vya kinyozi vinatikisika. Milango yote nimeiacha wazi. Spika ya upande wako nimeitoa wavu. Kanda iliyomo si ya nyimbo, nilijirekodi njia nzima nikija. Maneno yote nitakuandikia baadaye, moja moja, hata ikichukua mwaka. Kwanza toka uje uweke kidole, gusa kama kichwa cha mtoto aliyelala. Ukihisi mitetemo mizito, inakuja inakatika, inakuja inakatika, safari hii usingoje itulie.

Niko hapa nje. Fungua.

Kidole